Kabla ya Kununua Shokapu, Lipime Tela

Usiku, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, pikapu inayovuta tela zito hujulikana kabla haijafika. Taa zake za mbele zimeinuka. Badala ya kumulika lami zinamulika matawi ya miti na macho ya wanaokuja. Madereva wanaipigia taa mfululizo, na aliye kwenye usukani anahangaika na swichi ya taa kubwa ilhali taa kubwa hakuziwasha. Hitilafu haiko kwenye taa. Mkia wa gari umekaa, pua imepanda, na usukani umekuwa mwepesi kuliko ilivyo kawaida yake.

Kesho yake gari linaingia gereji. Mtu anabonyeza bampa ya nyuma, gari linadunda mara mbili tatu, na hukumu inatoka palepale: shokapu zimekufa. Zinanunuliwa mpya, zinafungwa, fedha zinalipwa. Tela likifungwa tena, mkia unakaa vilevile.

Mkasa huu unawapata wamiliki wengi wa pikapu Afrika Mashariki, wawe wanavuta matangi ya maji, boti, jenereta, mifugo au gari la mashindano linalopelekwa Naivasha. Fedha zinakwenda kwenye kifaa ambacho hakikuhusika na tatizo, na tatizo lenyewe linabaki barabarani pamoja na abiria.

Springi ndiyo inayobeba. Iwe koili iliyofungwa mbele au mabapa ya chuma yaliyopangwa nyuma, springi hupokea uzito na kuamua gari lisimame kwa kimo gani. Shokapu kazi yake ni nyingine kabisa: kuutuliza mchezo wa springi baada ya kushtuliwa. Shokapu ya kawaida ya mafuta, kabla haijafungwa, mtu mzima anaweza kuisimamisha sakafuni na kuizamisha fimbo yake kwa mikono miwili mpaka mwisho. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kunyanyua mkia uliokalishwa na tela la tani mbili na nusu.

Zipo shokapu chache zilizozungushiwa koili kwa nje, au zenye mfuko wa upepo, ambazo husaidia kubeba kidogo. Lakini vishikizo vya shokapu kwenye chesi viliundwa kuhimili kuvutwa na kusukumwa, si kubebeshwa mzigo wa kudumu. Kwa anayevuta tela zito mara kwa mara, hilo si jibu.

Hesabu inayoanzia kwenye ndoano

Ukweli wa jambo hili uko kwenye ndoano ya kuvutia, kile kichwa cha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya bampa. Tela lililopakiwa vizuri huweka pale takriban asilimia 10 ya uzito wake wote. Marekani hukubaliwa hata asilimia 15. Tela la tani 2.5, kwa hiyo, linaweka juu ya ndoano kilo 250 hivi, uzito wa magunia mawili na nusu ya mahindi. Wengi wakisikia hivyo hawashtuki, maana pikapu inabeba tani moja.

Ila ndoano haiko juu ya ekseli. Kwenye Toyota Hilux ya kabati mbili, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 3,085. Ikiwa ndoano iko mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo zile 250 zinakandamiza kwa mbali, na ekseli ya nyuma inakuwa egemeo la mti mrefu. Ukipiga hesabu, ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 350 hivi, na ya mbele inapunguziwa kama kilo 100. Hizo kilo 100 zilizoondoka mbele ndizo zilizokuwa zikiyakandamiza matairi yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani mwepesi unaosifiwa na baadhi ya madereva ni dalili ya hatari.

Hapo bado watu hawajapanda. Uzito wa ndoano unahesabiwa ndani ya ule mzigo ambao gari limeruhusiwa kubeba. Pikapu ya tani moja ikishapewa kilo 250 za ndoano na watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja, imebakiwa na kilo 375 kwa vingine vyote: bampa ya chuma, kava la nyuma, tairi la pili la akiba, madumu ya mafuta, mizigo ya safari. Wamiliki wanaojua kwa moyo kwamba Hilux yao ilitangazwa kuvuta kilo 3,500 mara nyingi hawajui kwamba kikomo hicho kinahusu tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kikomo cha kawaida cha pikapu za aina hiyo ni kilo 750 tu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwenye tela msemo huu unatimia kila siku. Anayejaza mchanga au maji siye atakayeshuka nalo milima ya Kitonga.

Ndiyo sababu kifaa cha kwanza cha kutafuta ni mzani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inayalenga magari ya kuanzia tani 3.5, kwa hiyo mwenye pikapu tupu anaweza kuipita mizani ya barabarani miaka yote bila kuambiwa lolote kuhusu gari lake. Mizani nyingine ipo, tena si mbali: machimbo ya kokoto, viwanda vya sukari, maghala ya nafaka, wanunuzi wa vyuma chakavu. Pikapu ipimwe ikiwa na watu na mizigo yake ya kawaida, kwanza ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Halafu lifungwe tela lenye mzigo, na ekseli zilezile zipimwe tena wakati magurudumu ya tela yako nje ya mzani. Tofauti ya jumla hizo mbili ndiyo uzito wa ndoano. Kwenye pikapu aina ya F-150 ya mwaka 2021, Ford iliweka mizani ndani ya gari lenyewe, dereva akisoma kwenye skrini kadiri anavyopakia. Hatua hiyo peke yake inaonyesha jinsi kukisia kulivyokuwa kumewagharimu wateja hata kule ambako barabara ni laini.

Somo la Nissan

Kuchagua springi ya gari la kuvuta si jambo lililowashinda watu wa gereji za mitaani peke yao. Mwaka 2015 Nissan iliingiza Australia pikapu mpya ya Navara ambayo, kwa matoleo mengi ya kabati mbili, iliacha mabapa ya nyuma na kutumia koili. Ikiwa tupu ilikuwa na utulivu ambao pikapu za mabapa hazikuuzoea. Lakini Australia ni nchi ya matela: watu huvuta nyumba za kulala, boti na farasi kwa maelfu ya kilomita, na malalamiko yalikuja haraka kwamba mkia unakaa mno mzigo ukiwekwa.

Mapema mwaka 2017 kampuni ilirekebisha springi na shokapu. Mwaka 2018 ikarudi tena mezani, safari hii na koili zenye ugumu wa aina mbili, laini mwanzoni na ngumu zaidi kadiri zinavyobanwa. Kampuni yenye wahandisi na viwanja vyake vya majaribio ilihitaji kurekebisha zaidi ya mara moja, kwa sababu swali lenyewe ni gumu: springi inayolibeba tela vizuri hulirusha gari tupu, na inayolifaa gari tupu hulemewa na tela. Hakuna springi moja ya chuma inayofanya yote mawili kwa ukamilifu.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "ipi kali zaidi?" bali "gari hili linabeba kilo ngapi siku nyingi za mwaka?" Watengenezaji makini, kama wale wa Old Man Emu, chapa ya kampuni ya ARB ya Australia, huuza springi za nyuma kwa ngazi za uzito. Ipo ya gari linalotembea tupu, ipo ya mzigo wa kati na ipo ya mzigo mzito wa kudumu. Mwenye pikapu ya shamba iliyofungwa tangi ambalo halishuki anachagua tofauti na mwenye gari la familia linalovuta boti mara chache kwa mwaka. Muuzaji asiyeuliza swali hilo, akachukua boksi la kwanza rafuni, hastahili fedha ya mteja.

Bapa la lori

Njia iliyozoeleka mitaani ni ya mkato: kuongeza bapa. Fundi anafungua yubolti, anachomeka bapa moja lililotoka kwenye lori au Coaster, anafunga. Mkia unapanda siku hiyohiyo na bei ni ndogo.

Tatizo liko kwenye unene. Ugumu wa bapa hauongezeki sambamba na unene wake. Unakua kwa unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mabapa mawili ya urefu na upana sawa, moja likiwa na unene maradufu ya jingine, lile nene ni gumu mara nane. Anayedhani ameongeza bapa moja kwenye matano ameongeza, kwa ugumu, zaidi ya springi nzima ya awali. Bapa hilo halipindi pamoja na wenzake. Yale membamba yanafanya kazi hadi yanapogota juu yake, kisha yanakunjwa palepale kila tuta likija, na bapa mama ndilo linalovunjika, mara nyingi karibu na jicho lake au pale senta bolti inapopita, kwa kuwa tundu la bolti ndipo chuma kilipopunguzwa.

Likiwa tupu, gari hilo linarukaruka. Gurudumu linalokaa hewani halishiki barabara wala halisimamishi gari, na kwenye lami yenye mvua mkia unateleza kwa kosa dogo la usukani. Abiria wa nyuma wanalijua hili kwa migongo yao.

Bapa la kuongezea linaweza kuwa jibu zuri iwapo ni la unene unaolingana na mengine na limekunjwa kwa mviringo unaofaa. Yapo pia mabapa ya akiba yanayokaa chini kabisa, yaliyonyooka, ambayo hayaguswi mpaka mzigo uwe mkubwa. Hayo yana heshima yake, na pikapu nyingi hutoka nayo kiwandani. Kwa springi zilizochoka na kunyooka, seti mpya iliyokamilika ndiyo njia ya haki, hata kama bei yake inauma.

Zipo pia raba nene zenye uwazi katikati, zinazofungwa mahali pa zile raba za kawaida ambazo ekseli hugota mzigo ukizidi. Timbren ni mojawapo ya chapa zake zinazojulikana. Hazina upepo wa kuvuja wala mpira mwembamba wa kutoboka, na gari likiwa tupu hazigusi kitu. Kwa anayevuta mara mojamoja, raba hizo ni ununuzi mzuri kuliko wengi wanavyodhani.

Upepo na gharama yake

Kisha kuna springi za upepo: mipira miwili inayokaa kati ya ekseli na chesi, mmoja kila upande, ikijazwa kama tairi. Firestone ya Marekani na Air Lift, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1949, ndizo chapa zilizoenea. Uzuri wake uko wazi. Jioni unajaza, unafunga tela. Kesho unapunguza, gari linarudi ulaini wake. Mipira isiendeshwe ikiwa imekwisha upepo kabisa, maana hujikunja na kukatika. Kiwango cha chini cha aina nyingi ni psi 5. Na kila upande uwe na bomba lake la kujazia. Zikiunganishwa pamoja, gari likilala kwenye kona upepo unakimbilia upande wa pili, na gari linalala zaidi.

Lakini kuna onyo ambalo Waaustralia wamelipata kwa gharama, na linawahusu sana madereva wa barabara zetu za vumbi. Bapa la springi hushika chesi kwenye ncha zake mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na kuugawa mzigo sehemu hizo. Mpira wa upepo unasukuma chesi mahali pamoja tu, juu ya ekseli. Pikapu ya kabati mbili ina sehemu ndefu ya chesi inayoning'inia nyuma, na pale mwisho imefungwa ndoano yenye kilo zake. Gari likitumbukia shimoni kwa kasi, mkia unashuka kwa nguvu, mpira unasukuma juu, na chesi inapinda kati ya kabati na bodi la nyuma. Magari ya namna hiyo yamepigwa picha nyingi katika maeneo ya ndani ya Australia, bodi na kabati vikiwa vimeachana kwa juu na kugusana kwa chini. Chesi ikishapinda, bima nyingi na wafanyabiashara wengi hawataki kulisikia gari hilo.

Mipira ya upepo ni ya kusawazisha kimo, tena kidogo. Anayeijaza ili apakie zaidi ya kikomo anaiuza chesi yake.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Mkia ukinyanyuliwa kwa upepo au kwa springi ngumu, gari linasimama sawasawa, taa zinarudi barabarani, mwenye gari anafurahi. Je, kilo 100 zilizoondoka ekseli ya mbele zimerudi? Hazijarudi. Ndoano bado iko nyuma ya ekseli na bado inakandamiza kwa umbali uleule. Kilichobadilika ni kimo peke yake. Kuzirudisha kunataka kitu kingine: kuhamishia mizigo mizito ya kwenye bodi mbele ya ekseli ya nyuma, kufupisha mkono wa ndoano, au kutumia vile vyuma maalumu vinavyofungwa pande mbili za ndoano ambavyo hukunjwa kwa mvutano na kusukuma sehemu ya uzito kwenda ekseli ya mbele na kwenye magurudumu ya tela. Wamarekani huvitumia sana kwenye barabara kuu. Kwenye njia yenye makorongo havifai, maana gari na tela vinapopishana kimo vyuma hivyo hukaza kupita kiasi.

Kosa la kuogopwa kuliko yote ni kupunguza uzito wa ndoano kwa kurudisha mzigo nyuma ya tela. Mkia wa pikapu unapanda kweli, lakini tela lenye uzito nyuma huanza kutikisika kushoto na kulia kasi ikiongezeka, na likishaanza hakuna shokapu ya bei yoyote inayolizuia. Dereva aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani bila kuupigapiga, aache kasi ishuke yenyewe. Na kama tela lina breki zinazokazwa peke yake kwa mkono, azitumie hizo. Kukanyaga breki za gari kwa nguvu au kuongeza mwendo ili kulinyoosha ndiko kunakopindua.

Sasa shokapu

Uzito ukishajulikana na springi ikishachaguliwa, ndipo zamu ya shokapu inafika, na hapa haifai kubana fedha. Springi ngumu ikikandamizwa huhifadhi nguvu nyingi, na inataka kuirudisha yote kwa mkupuo. Shokapu ya zamani iliyopangwa kwa springi laini inashindwa kuishika, hasa wakati wa kurudi juu. Hicho ndicho chanzo cha mkia unaoendelea kupanda na kushuka mara tatu nne baada ya kila tuta, huku pua ikipoteza mshiko kila mkia unaposhuka. Springi na shokapu zinunuliwe kama jozi, kutoka kwa mtengenezaji aliyezipanga pamoja ikiwezekana.

Aina kubwa ni mbili. Ya kwanza ina bomba ndani ya bomba: pistoni inacheza kwenye silinda ya ndani, na nafasi iliyo kati yake na bomba la nje ni akiba ya mafuta, na juu yake hewa au gesi ya mgandamizo mdogo. Ya pili ina bomba moja nene, na ndani yake pistoni ya ziada inayoelea inayatenga mafuta na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyeiletea dunia fikra hiyo ya pili, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaanza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1957 kwa ajili ya Mercedes-Benz.

Tofauti yake inaonekana kwenye barabara ya vumbi iliyochongwa mawimbi madogo mfululizo. Hapo pistoni inapiga mara nyingi kila sekunde. Ndani ya shokapu ya mabomba mawili, hewa na mafuta vinaanza kuchanganyika, mafuta yanatoa povu, na povu linapita kwenye vali bila kizuizi. Dereva anahisi gari limeanza kuelea, akipumzika dakika 20 linakuwa zima tena, kisha linaelea tena. Shokapu ya bomba moja haitoi povu kirahisi kwa kuwa gesi haigusani na mafuta, na joto linatoka upesi kwa sababu mafuta yamegusana na ukuta wa nje moja kwa moja. Toyota ilipoitoa Hilux GR Sport kwa soko la Australia mwaka 2023 iliifunga shokapu za bomba moja za KYB, na bado gari likabaki na kikomo kilekile cha kuvuta kilo 3,500.

Je, bomba moja ndilo la kila mtu? Hapana. Jiwe kubwa likiupiga ukuta wake na kuubonyeza, pistoni inakwama palepale, kwa kuwa ukuta huo ndio silinda yenyewe. La mabomba mawili likibonyea nje huendelea kufanya kazi. Kwa mwenye gari la shambani linalopita kwenye miamba na visiki, shokapu ya mabomba mawili yenye fimbo nene, mafuta mengi na gesi kidogo ni chaguo la busara kabisa. Kwa anayevuta kasi ya kilomita 80 kwa saa kwenye lami ndefu na vipande virefu vya vumbi, bomba moja linastahili bei yake. Zile zinazorekebishwa ugumu kwa kuzungusha kitufe, kama Rancho za ngazi 9, zinamfaa mtu ambaye kweli atashuka kuzungusha; asiyeshuka analipia kitu asichokitumia.

Urefu nao uangaliwe. Shokapu ndefu kuliko nafasi yake inagota kabla ya raba, na kila shimo linaivunja kwa ndani. Fupi kupita kiasi inavutwa mpaka mwisho kabla ekseli haijamaliza kushuka. Anayeinua gari inchi mbili anahitaji shokapu za kimo hicho. Na anayelinyanyua gari la kuvuta ajue kwamba ndoano nayo imepanda, na tela linalovutwa pua juu huhamisha uzito kwenda nyuma yake.

Kazi ya fundi

Sehemu ya fedha hupotea wakati wa kufunga. Busha za raba zimegandishwa kwenye vyuma vyake. Bolti zake zikikazwa wakati gari liko juu ya jeki na ekseli inaning'inia, raba inakaa imejipinda siku zote gari likiwa chini, na inachanika baada ya muda mfupi. Zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Yubolti za zamani zisirudishwe, kwa sababu zilishanyooshwa zilipokazwa mara ya kwanza. Mpya zikazwe kwa kipimo, na zikazwe upya baada ya kilomita chache za mwanzo, mabapa yakishakaa. Shokapu ya mabomba mawili isimamishwe na kupampiwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia ndani ilipolazwa kwenye boksi ipande mahali pake.

Kisha breki. Pikapu nyingi za miaka iliyopita zina vali juu ya ekseli ya nyuma, yenye mkono mwembamba wa chuma unaopima jinsi mkia ulivyokaa. Mkia ukikaa, vali inaelewa kuna mzigo, inaongeza breki za nyuma. Gari likinyanyuliwa kwa springi mpya, vali inadanganyika: inaona gari tupu, inapunguza breki za nyuma wakati nyuma kuna tani nzima. Marekebisho yake yanafanywa kwenye ule mkono, na fundi asiyeutaja kabisa aulizwe. Mabomba laini ya breki yaangaliwe kama yanafika, alaimenti ipimwe, taa zishushwe upya.

Madukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, bidhaa bandia zimekaa rafu moja na halisi. Boksi lenye herufi za kufifia, fimbo yenye mikwaruzo, namba ya bidhaa isiyolingana na modeli ya gari, risiti isiyo na jina la duka: mojawapo ya hayo inatosha kumfanya mnunuzi aondoke. Shokapu zilizotumika zinazoletwa na vyuma vya mtumba zisinunuliwe kwa gari la kuvuta. Rangi yake inaweza kung'aa, lakini sili na mafuta vya ndani havionekani.

Hakuna springi wala shokapu inayobadilisha namba iliyoandikwa kwenye kibati cha gari. Marekani kuna kipimo cha SAE J2807, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukifuata kwa Tundra ya mwaka 2011. Ndani yake gari na tela vinapandishwa mlima wa Davis Dam huko Arizona kwenye joto kali kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na pikapu za kawaida hazitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Namba ya kuvuta hutokana na injini, giabox, kupoza, chesi na breki kwa pamoja. Springi ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo.

Ndiyo maana mwenye pikapu ambaye fedha zake zinatosha jambo moja tu mwaka huu, na tela lake lina uzito wa zaidi ya kilo 750 bila breki zake lenyewe, aziache springi na shokapu zisubiri. Alifungie tela breki kwanza.